Huree ya Tatu

THELMA: Haloo, nne saba mbili.

[Laini inakwaruza.]

THELMA: Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni Hedley, nimeshakwambia: sufuria zipo, maji yapo, moto upo. Unataka nifanye nini tena, nijipike mwenyewe?

LANCE: Siyo Hedley. Ni mimi, shemeji. Lance.

THELMA: Nilijua. Nimesikia mtu anahema. Miaka thelathini unahema mlangoni kwangu kabla hujabisha, nitakosa kukujua?

LANCE: Habari za asubuhi?

THELMA: Njema.

LANCE: Mmeamkaje?

THELMA: Tumeamka.

LANCE: Na mumeo Eldon je, naye—

THELMA: Naye ameamka. Umepiga simu kuhesabu walioamka?

LANCE: Hapana, shemeji. Nilitaka tu... [laini inakwaruza] ...unanisikia?

THELMA: Nakusikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Uko wapi wewe?

LANCE: Redcar.

THELMA: Wapi?

LANCE: Redcar, kwa dada. Kwa Audrey. Yaani siyo kwake hasa, niko kwenye kibanda cha simu, hapa barabara ya ufukweni.

THELMA: Kwani Audrey hana simu?

LANCE: Anayo. Ila na masikio anayo.

THELMA: [anacheka kidogo, anajikaza] Usinichekeshe. Leo sitaki unichekeshe. Watu wamekutafuta jana mpaka basi. Wamechungulia bandani kwa njiwa wako, wamechungulia bustanini, mzee Cuthbert kaenda mpaka mtoni na fimbo, anachokoa maji. Mzee wa miaka themanini na moja, na magoti yale! Amerudi kalowa mpaka kiunoni. Kumbe bwana mkubwa yuko Redcar anapunga upepo.

LANCE: Nilipanda basi la saa kumi na mbili jioni.

THELMA: Bila kuaga.

LANCE: Ningeaga vipi, shemeji?

THELMA: Kwa mdomo. Huo huo uliokataa kufunguka.

[Ndege wa baharini wanapiga kelele mahali fulani.]

LANCE: Nilipaliwa.

THELMA: Ulipaliwa.

LANCE: Ule moshi wa sigara, na vumbi la mapazia yale hayajafuliwa tangu vita. Nikasema ya kwanza vizuri, nikasema ya pili vizuri, kufika ya—

THELMA: Lance.

LANCE: —kufika ya tatu, hapa kooni pakawa kama—

THELMA: Lance Raine! Mimi nilikaa mstari wa mbele jana, pale klabuni. Ulisema "hip hip", tukaitikia "huree". Ulisema "hip hip", tukaitikia "huree". Watu tumeshavuta pumzi ya tatu, mikono juu, kofia juu. Wewe ukafunga mdomo wako, ukashuka jukwaani ngazi kwa ngazi, ukaenda kuchukua koti lako. Ukalivaa. Ukafunga vifungo. Mtu aliyepaliwa hafungi vifungo.

LANCE: ...Nilifunga vyote?

THELMA: Na skafu juu.

LANCE: Sikumbuki skafu.

THELMA: Sisi tunaikumbuka.

LANCE: Watu wanasemaje, shemeji?

THELMA: Unataka kujua kweli?

LANCE: Hapana. ...Sema tu.

THELMA: Haya, sikiliza. Mlango ulipojifunga nyuma yako, ukumbi mzima mikono bado iko hewani. Hakuna aliyejua aushushe vipi mkono wake. Na Eldon pale jukwaani, amevaa suti ya harusi yetu, imempwaya mpaka ungemwingiza mtu mwingine humo ndani. Anatabasamu. Anadhani umekwenda kunywa maji urudi. Anakusubiri, Lance! Koti umevaa, mlango umefunga, yeye bado anakusubiri.

LANCE: Ee Mungu wangu.

THELMA: Halafu watu wakaanza kuziba pengo. Winnie, yule dada yake Hedley, akapiga "yipii!" Peke yake, na umri wake ule. Hakuna aliyemfuata, akajifanya anafunga kiatu. Nora Pallister akainuka akasema "bravo", si unajua aliwahi kwenda kusikiliza opera Newcastle mwaka wa arobaini na nane, na lazima tukumbushwe. Mzee Cuthbert akaanza "aleluya", akakumbuka yuko baa, akakaa. Wale wa meza za nyuma wakajaribu kelele za mpira, zikafia njiani. Mtu mmoja akasema "hura", ile ya zamani.

LANCE: Ile ya baba yangu. Yeye alikuwa hasemi "huree". Alisema hiyo ni ya watoto wa shule, wanaume waliotoka chini kwenye machimbo ya makaa wanasema "hura".

THELMA: Basi hata hiyo haikushika. Lugha yetu ina maneno ya furaha tele, Lance, na jana yalitoka yote kabatini, moja moja, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango usio wake. Mpaka mtu akasema "hongera, Eldon", polepole, kama anampa pole. Hapo ndipo tabasamu lake lilipofutika.

LANCE: Basi, shemeji. Inatosha.

THELMA: Haitoshi. Umeuliza, utakula sahani nzima. Huree mbili, Lance! Nani amewahi kupewa huree mbili kwenye klabu ile? Mbwa wa Stobbs alipopata utepe wa mbwa wanene alipewa tatu!

LANCE: Nilimwitia mimi.

THELMA: Ulimwitia wewe! Na ulirusha kofia!

[Mtu anagonga kioo cha kibanda.]

LANCE: Subiri, mama, bado naongea! ...Kuna mtu hapa nje na mbwa. Samahani. Shemeji, kikombe amekichukua lakini, si ndiyo?

THELMA: Kikombe gani?

LANCE: Cha ushindi. Eldon.

THELMA: Hajakichukua.

LANCE: Kwa nini?

THELMA: Unaniuliza mimi? Hedley si ndiye katibu, akatoa kitabu cha kanuni. Akavaa miwani, akasoma mbele ya watu. Kanuni ya kumi na nne. Unaikumbuka?

LANCE: [kwa sauti ndogo] Naikumbuka.

THELMA: Hebu niambie inasemaje, labda mimi nimesahau.

LANCE: "Maonyesho ya vitunguu liki yatafungwa kwa huree tatu, zitakazoitwa na mwitaji wa klabu na si mtu mwingine. Baada ya ya tatu, mshindi atapokea kikombe na kusema machache."

THELMA: Na nani aliiandika?

LANCE: Shemeji—

THELMA: Nani aligonga meza mwaka wa sabini na mbili mpaka bilauri zikaanguka, eti shangwe siyo kitu cha kila mlevi kuropoka, lazima iwe na mwenyewe?

LANCE: Mimi.

THELMA: Wewe. Kwa hiyo Hedley anasema maonyesho hayajafungwa. Hayajafungwa! Liki ziko mezani mpaka sasa, na utepe wake mwekundu. Mezani haziondoki. Kisu hakizigusi. Na leo ni Jumapili gani?

LANCE: Ya supu.

THELMA: Ya supu. Wazee wa kijiji kizima wanakuja saa saba na mabakuli yao, kama kila mwaka, kunywa supu ya liki za maonyesho. Mimi nina sufuria nne za maji yanayochemka na mifupa ya kondoo. Liki hakuna. Nimemwambia Hedley, "Hedley, kata hizo liki, watu wale." Akaniambia, "Thelma, kanuni ni kanuni." Nilitaka kumchemsha yeye.

LANCE: Si mtu mwingine aite tu, yaani wapige kura haraka—

THELMA: Kura inataka siku kumi na nne za taarifa. Hiyo nayo ni yako. Kanuni ya kumi na tano.

[Laini inakwaruza kwa muda.]

LANCE: Basi naita sasa hivi.

THELMA: Unaita nini?

LANCE: Hiyo ya tatu. Naiita hapa hapa kwenye simu, kwa nguvu zote. Wewe utakuwa shahidi, umwambie Hedley—

THELMA: Usithubutu.

LANCE: Shemeji, neno ni lile lile—

THELMA: Usithubutu, nakwambia! Ulimnyima mbele ya watu, halafu umpe ukiwa umejificha kwenye kibanda, unaangaliwa na mbwa? Nimpelekee mume wangu huree kwenye kiganja, kama kidonge?

LANCE: Nakosea tena. Kila nikifungua mdomo nakosea.

THELMA: Na ukiufunga unakosea zaidi. Kwa nini, Lance? Ndicho ninachotaka. Mimi sina shida na supu. Kwa nini?

[Kimya.]

LANCE: Sikupaliwa.

THELMA: Najua.

LANCE: Neno lilikuwepo. Lilikuwa hapa mdomoni, nausikia uzito wake. Nikalimeza. Miaka kumi na tisa sijawahi kulimeza, shemeji. Nimewaitia watu nisiowapenda. Nimemwitia Hedley mara mbili, na Hedley ninamjua anavyozilisha liki zake bia ya kununua na kusema ni mbolea tu! Nikamwitia tatu kamili, na moyo mweupe.

THELMA: Halafu kwa Eldon?

LANCE: Ndiyo hapo.

THELMA: Sema.

LANCE: Nitasema, lakini usimwambie.

THELMA: Sema, Lance.

LANCE: Zile wiki saba alizokuwa anakwenda na kurudi hospitali. Nani alizimwagilia liki zake? Alfajiri, kabla sijanywa hata chai, naanza kwenu ndipo niende kwangu. Baridi ya mwezi wa tano ilipokuja nilizifunika kwa blanketi langu la kitandani. Zangu zikaota kutu, ule ugonjwa wa majani. Nikaziona zinaota kutu, nikasema haidhuru, za Eldon kwanza, maana mwenzangu anaumwa. Sikumwambia mtu. Sikutaka chochote.

THELMA: Tunajua uliyofanya.

LANCE: Sikutaka chochote, mpaka jana. Nikapita mezani kabla ya kupanda jukwaani, nikasoma kadi ya zile liki. "E. Wearmouth." Basi. Hakuna "na". Hakuna hata herufi yangu moja. Nikajiambia, Lance, wewe ni mtu mzima, panda uite. Nikapanda. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Nikamwangalia anavyotabasamu, na liki zile nene kama mkono wa mtu, na mimi najua kila jani lake... Nikasema moyoni, hii ya tatu ni yangu. Siitoi. Bila mimi zile liki zingekuwa chakula cha sungura. Ni zangu kuliko zake!

[Mlio wa maji ya bahari, au ni laini tu.]

THELMA: Umemaliza?

LANCE: Nimemaliza. Sasa nimejisikia nikisema. Nilifikiri jana ndiyo ilikuwa aibu.

THELMA: Kadi ina mstari mmoja, Lance.

LANCE: Najua.

THELMA: Hujui, nyamaza. Kadi ina mstari mmoja. Eldon alikwenda kwa Hedley mara mbili, akaomba yaandikwe majina mawili. Mara ya pili alikwenda na mimi, kwa sababu alikuwa hawezi kubishana, sauti inakatika. Hedley akasema kadi moja jina moja, mengine utasema mwenyewe kwenye hotuba. Baada ya huree ya tatu.

LANCE: Hotuba.

THELMA: Ameandika hotuba. Eldon! Mtu ambaye barua ya bima naiandika mimi. Wiki tatu anaandika na kufuta. Ameifanyia mazoezi kule bandani, amepanga majembe ukutani ndiyo watu wake. Anasema mstari mmoja, anapumzika, anasema mwingine. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa suti jana, mkono wake ulikuwa tayari juu ya mfuko.

LANCE: Niliuona ule mkono. Nilidhani anashika kifua.

THELMA: Alikuwa anashika karatasi.

LANCE: Shemeji... kwenye hiyo karatasi kuna—

THELMA: Unafikiri kuna nini?

LANCE: Nisomee.

THELMA: Sikusomei.

LANCE: Mstari mmoja tu. Wa kwanza.

THELMA: Hata nukta. Siyo yangu niisome. Ameiandika aiseme yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu wale wale.

[Tii, tii, tii.]

LANCE: Ngoja, ngoja, usikate, naweka sarafu... [sarafu inaanguka] ...upo?

THELMA: Nipo.

LANCE: Basi fanya hivi. Wiki ijayo, nikishapata nguvu kidogo. Jumamosi ijayo nitakuja mwenyewe, tutawakusanya watu wote, nitaomba radhi kila meza, nitaita ya tatu, naye asome—

THELMA: Wiki ijayo hana sauti.

LANCE: Itakuwa imerudi. Akinywa asali na—

THELMA: Lance, sikiliza. Jumanne anaingia hospitali.

LANCE: Si wanamchungulia koo tu? Aliniambia wanachungulia.

THELMA: Alikuambia hivyo ili uendelee kulala usingizi. Hawachungulii. Wanaliondoa zoloto, hili sanduku la sauti, lote. Atakula, atatembea, atapumua kwa tundu hapa shingoni, na daktari anasema ana miaka mingi mbele yake, tunashukuru. Lakini sauti basi. Hairudi na asali.

[Mtu anagonga kioo tena.]

THELMA: Lance? Upo?

LANCE: Mmejua lini?

THELMA: Mwezi wa nane, mwanzoni.

LANCE: Na kila asubuhi nilikuwa hapo bustanini kwenu. Mnanipa chai dirishani. Hamkuniambia.

THELMA: Alinikataza. Alisema, "Lance akijua, ataniitia kwa huruma. Mimi nataka aniitie kama mshindi."

LANCE: Na mimi nikamwitia...

THELMA: Ndiyo.

LANCE: Nimechukua sauti yake ya mwisho nikaenda nayo Redcar.

THELMA: Hujaichukua bado. Leo ni Jumapili. Basi la kurudi huku ni saa ngapi?

LANCE: Nne na dakika kumi. Ndilo hilo moja.

THELMA: Sasa hivi ni nne kasoro dakika chache.

LANCE: Niitie Eldon kwanza. Hata dakika moja. Nimwambie mwenyewe.

THELMA: Haongei. Tangu jana hajatoa neno, hata la kuomba chumvi. Iliyobaki anaitunza kwa ajili ya karatasi yake, iwapo utakuja. Akitaka kitu anaandika nyuma ya bahasha.

LANCE: Asiongee, asikie tu. Yuko wapi? Nenda kamwite.

THELMA: Simwiti.

LANCE: Shemeji, nakuomba, nakupigia magoti humu kibandani—

THELMA: Simwiti kwa sababu yuko hapa.

LANCE: Hapa wapi?

THELMA: Hapa. Kwenye ngazi, pembeni yangu. Sikio lake na langu kwenye simu moja, tangu uliposema siyo Hedley.

LANCE: Amesikia yote.

THELMA: Yote.

LANCE: Na ya... kwamba ni zangu kuliko zake?

THELMA: Na ya sungura. Hiyo ya sungura alicheka mpaka mabega yakatikisika. Ile nyingine hakucheka.

LANCE: Eldon. Eldon, kaka, usijibu. Usijibu, tunza. Mimi sina la kusema. Yaani nina la kusema, lakini yote ni... Nilikuonea kijicho. Basi. Siyo kadi. Nimekaa miaka yote hiyo pale juu nikiwapa watu wengine neno lile, mara tatu tatu, na mimi hakuna aliyewahi kuniitia hata moja, na jana nikaona angalau yule mshindi pale ni mimi, halafu siyo mimi. Unanielewa? Usijibu! Nimekuonea kijicho na wewe unaumwa. Kuna mtu mchafu kuliko huyo?

[Kitu kinakwaruza, kama penseli.]

LANCE: Anasemaje?

THELMA: Hajasema kitu. Anachonga penseli.

LANCE: Shemeji, nikija...

THELMA: Ukija nini? Dakika zinakwenda, Lance.

LANCE: Nikija, nikaingia pale ukumbini, wote wamekaa na mabakuli matupu kwa sababu yangu. Nipande jukwaani, niseme "hip hip". Nani ataniitikia?

THELMA: Sijui.

LANCE: Mimi ningekuwa wao, nisingeniitikia. Ningetazama bakuli langu. Hedley, Winnie, mzee Cuthbert aliyelowa kwa ajili yangu. Nitaita, na ukumbi utanyamaza, na Eldon amesimama pale na suti yake anasubiri tena. Nitakuwa nimemnyima mara mbili, shemeji. Nikikaa huku, nimemnyima mara moja tu. Ndicho nilichokuwa nafikiri tangu jana, natembea hapa ufukweni. Siogopi matusi. Matusi ni haki yangu. Naogopa ule ukimya.

THELMA: Sitakudanganya. Winnie amesema akikuona atakupiga kwa mwiko. Mzee Cuthbert ana mafua. Hata mimi, uliponiambia "habari za asubuhi", nilitaka kukata simu. Sijui kama watakuitikia.

LANCE: Unaona sasa. Ndiyo maana—

THELMA: Ngoja. Eldon anaandika.

LANCE: Anaandika nini?

THELMA: Ngoja, hajamaliza. Mwandiko wake unaujua.

[Tii, tii, tii.]

LANCE: Shemeji, haraka, inakatika! Sina nyingine, hiyo ilikuwa ya mwisho. Basi naliona kule, linazunguka kona. Ameandika nini?

THELMA: Ameandika... "Hotuba..." hii ni nini hapa... "Hotuba iache. Nina sauti ya neno moja. Wakinyamaza, nitakuitikia mimi."

LANCE: Hapana! Mwambie hapana! Atoe sauti yake ya mwisho kwa ajili ya— Eldon, usithubutu! Usifungue mdomo, unanisikia? Naja. Basi nalipanda, naja, nitaita mpaka waitikie, nitaanza na Winnie na mwiko wake, nitaomba meza kwa meza, wewe nyamaza tu mpaka nika—

[Tuuuuuu.]

THELMA: Lance? Haloo? Lance?

[Tuuuuuu.]

THELMA: Imekatika. Umesikia, anakuja. Hapana, usiniandikie tena, nimeelewa. Nipe hiyo penseli, Eldon. Twende ukavae viatu.